Adimu ni Mnunuzi

We mtu, uko wapi? Nimeaibika mpaka masikio yanawaka!

Ile sanamu yangu ya shujaa mwenye upanga, si unajua nimekaa nayo miaka minne bila kufungua boksi ili isishuke thamani? Leo nimeikumbatia kama kichanga hadi kwa yule mwenye duka la sanamu, nikaiuze. Alivyonichangamkia! Hata kiti akanipa. Nikajua mambo yameiva.

Akaniuliza, "Kaka, hiyo umekuja nayo ili ulinganishe kabla ya kununua?"

KUNUNUA! Jamaa alidhani nanunua!

Kuangalia nyuma yake, ziko saba. SABA! Upanga uleule, sura ileile.

Nikamwambia, "Lakini hili ni toleo adimu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Adimu ni mnunuzi, kaka."

Nikarudi nayo nyumbani. Unakumbuka nilivyomkataza shemeji yako hata kulipangusa vumbi lile boksi? Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa ule upole wake wa hatari, "Kwa hiyo sasa inaguswa?"

Akachukua kisu, akafungua.

Miaka minne, na leo ndiyo mara ya kwanza naiona uso kwa uso. Nzuri kuliko picha, kweli tena!

Sasa hivi imesimama mlangoni. Upanga umebeba mwavuli, funguo zangu na mkoba wa shemeji yako.

Na wewe usihangaike kutafuta mteja wa ile sanamu yako. Shemeji yako anaitaka. Amebakiwa na mikoba miwili ya kutundika.