Levire ya Ng'ombe wa Mama Mudogo

Mama mupenzi,

Jambo sana kutoka Dilala, kwenye vumbi ya migodi inaingia mpaka mu chai. Ile levire, hamira ya kuongeza maziwa, ulinipa nimuletee ng'ombe wa mudogo wako, kumbe ilikuwa inakufa kila asubui! Mama Mudogo alikuwa anaipika pamoja na pumba, moto kabisa. Ule ng'ombe ni zawadi yako, basi anamuhesabu mugeni, na mugeni hapewi chakula baridi. Maziwa haikuongezeka. Akaanza kukusema, wewe mukubwa wake: "Yaya alinitumia unga ya bure." Iliniuma.

Wiki iliyopita tata veterinere, munganga wa mifugo, alipita, akacheka: "Mama, levire haidhuru ng'ombe wala maziwa. Lakini iko na uzima, moto inaiua. Changanya mu pumba baridi."

Mama Mudogo alipata haya mpaka akaficha sufuria. Sasa ng'ombe anacheua vizuri, na maziwa imeongezeka, kikombe kimoja tu. Kile kikombe anasema ni cha Yaya wake. Kila asubui ananinywesha mi, na ananisimamia mpaka nimalize, kwa jina yako.

Mungu akulinde, Mama.

Mutoto wako,
Mapendo