Rebeka amefika Nduguti

Dada Eliza, shikamoo. Upepo wa huku unataka kuninyang'anya kadi hii, lakini lazima nikuambie leo leo: Rebeka amekuja! Ni yule mtoto wa marehemu mama mdogo, aliyechukuliwa kulelewa Uswidi kabla hajaota meno. Amekuja na mama aliyemlea.

Bibi aliamka na hofu. Alichambua mlenda huku akisema, "Ataona nilimtupa. Hata salamu hatanipa."

Basi Rebeka akashuka garini, mrefu kunizidi, akapiga magoti mbele ya Bibi na kusema kwa sauti, "Marahaba, Bibi!" Watoto wakaangua kicheko. Mimi niliona aibu kama vile nimekosea mwenyewe.

Bibi naye akapiga magoti. "Shikamoo, mama," akamjibu, kisha akatugeukia. "Mnacheka nini? Huyu nilimpa jina la mama yangu. Mimi ndiye wa kumwamkia."

Halafu akamshika mkono yule mama Mswidi: "Na wewe uliyenilelea mama yangu, karibu nyumbani." Nikaambiwa nitafsiri mimi! Unajua ninavyoona haya, na Kiingereza changu ni cha vitabuni, lakini nilisema yote, na yeye na Rebeka wakalia.

Sasa hivi wako jikoni. Bibi anafoka, "Songa ugali kwa nguvu, wewe! Huko kwenu hamli?" na Rebeka anacheka tu bila kuelewa.

Laiti ungekuwepo, dada. Mungu akutunze, nami nitakuletea asali.

Mdogo wako akupendaye,
Tumaini