Karatasi Chini ya Meza ya Kompyuta

Lodwar,
14 Agosti 1996

Kwa kaka yangu Omollo,

Pokea salamu kutoka kwenye joto la huku. Shemeji na watoto hawajambo? Na goti lako? Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma.

Umeniandikia: "Alier ni mwizi. Amenakili herufi za watu, na kamati yetu ya elimu haiwezi kumweka mwizi darasani." Mwizi humwacha mwenye mali mikono mitupu, kaka. Herufi zile za Kidinka tulizinunua zikiwa kwenye diskete, na bado zimo katika kompyuta yetu hapa ofisini. Nani amepungukiwa?

Ninyi wa kamati hamkumwona mwalimu Alier akifanya kazi. Kwa miezi saba alitunga kitabu cha kwanza cha kusoma kwa Kidinka cha watoto wa Kambi ya Kakuma, kisha akaja kukiandika kwenye kompyuta yetu. Nawoi, karani wetu, alimsalimu kwa Kiturkana, ejok, kila asubuhi na kumuuliza leo atazaa kurasa ngapi. Tulipotuma faili Nairobi, mchapaji akapiga simu kwamba hana herufi zile: kila ŋ na ɛ imegeuka kisanduku kitupu. Tulijaribu kuzifungasha ndani ya faili, zikakataa. Basi diskete ikanakiliwa, Alier akaomba kibali cha kutoka kambini, akaipeleka mwenyewe. Mchapaji akadai leseni. Alier hakuwa nayo. Mchapaji akawaandikia ninyi, na mlipomuuliza Alier nani alinakili, akajibu ni yeye.

Mkamfukuza, na sasa kwenye foleni ya mgao wa chakula kambini vijana humwita Bwana Diskete. Watoto wanasoma ubaoni, vumbi likivuma ubao haupo. Alier nimemwandikia mara mbili, hajajibu.

Kaka, ni mimi niliyenakili. Nilimwekea diskete mkononi nikamwambia asitishwe na makaratasi ya matajiri. Alijitwika kosa langu kwa sababu, aliniambia siku mliyomfukuza, mkimbizi amezoea kufukuzwa. Nami nikanyamaza wiki sita.

Hilo si baya zaidi. Jumanne Nawoi aliinua meza ya kompyuta ili afagie mchwa, akachomoa karatasi niliyoikunja mwenyewe mwaka jana kuzuia mguu usiyumbe. Ilikuwa leseni. Nikaisoma kwa mara ya kwanza. Inaruhusu mchapaji apewe nakala kwa kazi moja, mradi mnunuzi ajaze fomu na kuwatumia waliouza herufi. Fomu iko nyuma yake, tupu. Mimi niliyebishana na maaskofu na wakuu wa wilaya juu ya vitabu, sikusoma ukurasa mmoja.

Sina tumaini kubwa kwamba Alier atakubali kurudi. Hata hivyo nimeijaza fomu, imo humu ndani ya bahasha ili muitume. Nisalimie mama, umwambie nitakuja Desemba, nikiwa na kazi au bila kazi.

Na wewe pamoja na wajumbe wenzako wanne: isomeni barua hii kwa sauti kikaoni. Futeni jina la Alier katika uamuzi wenu, andikeni langu. Kisha nendeni Kakuma, ninyi wenyewe, mkamwombe radhi mbele ya foleni ile.

Dada yako,
Awino