Asifiwe Hakukohoa

Busale,
Kyela.
12 Agosti 2021

Mpendwa mdogo wangu Lugano,

Pokea salamu zangu, na mkeo Brenda umpe zake. Huko Geita mmeamkaje? Kifua chako je, vumbi la mgodini halijakisumbua tena? Mimi mwili upo tu, unatembea. Mpunga tumeshavuna. Kokoa imeanikwa uwanjani lakini hakuna wa kuigeuza, imeanza kuota ukungu. Ukisikia Felista ameacha kokoa ioze, ujue nyumbani si kwema.

Mama ni mgonjwa, Lugano. Amelazwa hospitali, anapumua kwa mtungi wa oksijeni, na mdogo wetu Eliud ndiye anayemuuguza. Mama alitukataza tusikwambie kwa simu, alisema utaacha kazi. Basi barua si simu, sijamvunjia neno lake. Jackson wa pale Mbugani anarudi huko kwa basi, nimempa mkononi.

Ngoja nikueleze ilivyoanza, maana mengine utayasikia kwa watu. Tangu korona irudi tulimlinda mama kuliko tunavyolinda mbegu. Niliweka kigoda mlangoni: mwenye kikohozi hapiti hapo, anamsalimu akiwa kule kwenye mikokoa. Hata mzee Asajile, jirani yetu, ambaye amekuwa akikohoa tumbaku yake tangu wewe hujazaliwa, nilimkalisha kule. Alisalimia kwa kupaza sauti, kisha akaondoka amenuna. Mama alicheka sana siku ile.

Baadaye mwanao Asifiwe akapata homa, akaanza kutapika na kuharisha. Hakukohoa hata mara moja. Sisi watu wa Kyela unatujua, mafuriko yametuzoesha: mtoto akiharisha, kinachotujia kichwani ni kipindupindu tu. Nilichemsha maji, nikamwaga dawa chooni, tukanawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Tulipoona choo chake si cha kipindupindu tukamshukuru Mungu, tukasema ni tumbo la kawaida. Mama mwenyewe akambeba, akampitisha pale kwenye kigoda, akamlaza kitandani kwake.

“Hili tumbo nalijua,” aliniambia. “Ninyi wote nimewakuza na matumbo yenu.”

Nawe unamjua Asifiwe, hali wala hanywi mpaka bibi yake aonje kwanza. Bibi anaonja, mtoto anakunywa, kijiko ni hicho hicho. Ndivyo walivyokwenda wiki nzima, na uji ulikuwa unashuka, nami nikawa nafurahi.

Halafu pumzi za mama zikaanza kukatika. Hospitali walimpima wakakuta ni korona. Wakampima na mtoto, naye akawa nayo. Niligombana na daktari, nikamwambia mtoto huyu hana hata mafua. Akanieleza taratibu kwamba kwa watoto wengine ugonjwa huu hushika tumbo, wakatapika na kuharisha bila kukohoa kabisa. Nilikaa chini palepale kwenye varanda. Kikohozi cha watu wote nilikifukuza, na ugonjwa tukaupokea wenyewe, tukaufunika na blanketi.

Sitakudanganya ili upate usingizi. Daktari amesema watoto wa mama waitwe. Mimi naomba, na nikimaliza kuomba nabaki nimekaa hivyo hivyo, sioni cha kushika. Mchungaji Amon alikuja kututia moyo. Nilimshukuru, nikamwitikia ndaga kwa adabu, lakini moyo haukuwepo. Njooni wote wawili, msingoje mwisho wa mwezi. Sijui kama mtamkuta.

Wasalimie wenzako wote wa mgodini. Shangazi Anyisile anawasalimu, yeye ndiye anayenipikia siku hizi. Mzee Asajile naye anawasalimu. Anakuja kila asubuhi kuuliza habari, na bado anakaa kulekule kwenye mikokoa, ingawa ndani hakuna tena wa kulindwa. Namwambia asogee, hataki.

Najua unangoja nikwambie habari za mtoto. Homa imeshuka na kuharisha kumepungua, ila amebaki mifupa. Daktari ametuonya kwamba asipokunywa tutamrudisha wodini. Leo nimempikia uji wa mchele mpya, nikauonja mbele yake, akageuza uso. Shangazi naye akaonja, ikawa vilevile. Ninavyoandika hapa ameketi mlangoni juu ya kile kigoda, anatazama njia, kikombe kimepoa mapajani mwake. Kila nikimbembeleza ananijibu neno moja:

“Bibi aonje.”

Kyala, Mungu wetu, awashike njiani, awafikishe.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Felista