Rafu ya Maktaba Yetu, Karatu

Dada Felista, shikamoo.

Karatu ni baridi. Ukungu wa Ngorongoro umetushukia mpaka dirishani.

Hapa lojini kuna rafu ya vitabu vya maktaba yetu ya chuo, vile vilivyoondolewa kupisha kompyuta. Namba za mgongoni ni mwandiko wako, kwa wino mweupe. Wamevipanga kwa rangi! Nikavuta kimoja nikirudishe mahali pake, vikaja vyote kumi.

"Pole mama, hivyo ni mapambo," mhudumu akacheka. "Tumevigandisha kwa gundi, wageni wasiondoke navyo."

Dada, si ndivyo hivi wanafunzi walivyokuwa wakivigombania, tukiviazimisha kwa saa mbilimbili? Chai imenipoa mkononi.

Nakuombea macho yapone upesi baada ya upasuaji. Ila yakipona, huku usije.

Mdogo wako wa kazini,
Neema