Kadi Namba Thelathini na Moja

Nkoaranga, Meru
9 Juni

Kaka yangu mpendwa Ezra,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Geita, wewe na wifi Catherine na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi huku tunamshukuru Mungu, tupo. Mama magoti yanamsumbua kwa baridi hii ya Juni, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atamkatia ng'ombe majani, na kabla hujajibu ameshashuka njia ya mtoni na panga lake. Wiki iliyopita nilimpeleka hospitali wakampa dawa ya kuchua. Alirudi akilalamika kwamba daktari mwenyewe ni mtoto mdogo. Kahawa imeanza kuiva upande wa chini. Ule mgomba ulioupanda nyuma ya jiko ulianguka na mkungu wake mvua za Aprili, tukala ndizi wiki mbili mpaka tukazichoka.

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu, mimi niliyekufundisha kutumia WhatsApp. Kaka, nimejaribu simu mara tatu. Mara ya kwanza mitambo ya kazini kwako ilikuwa inaunguruma nyuma yako, nikakuuliza habari za mvua. Mara ya pili kulikuwa kimya kabisa, nikakuuliza tena habari za mvua. Mara ya tatu ukaniuliza kama siku hizi nimeajiriwa na watu wa hali ya hewa. Hapo nikajua kwamba kwa simu sitaweza. Kwenye karatasi hunikatizi, nami siisikii sauti yako.

Nianze na darasa langu, maana huko ndiko yalikoanzia. Unakumbuka nilivyokuwa nalalamika: watoto sitini na wawili wa darasa la saba, na wanaojibu ni walewale watano. Wengine ukiwauliza wanaangalia dawati mpaka unawahurumia. Mwaka jana nikaenda semina mjini, tukafundishwa njia ya kadi. Kila mtoto anapewa kadi yenye mchoro wa miraba myeusi na myeupe, na kila upande wa kadi una herufi ndogo, A, B, C au D. Swali linatokea ukutani kwa projekta. Mtoto anaigeuza kadi yake ili herufi ya jibu lake iwe juu, kisha anainyanyua. Mimi napitisha kamera ya simu yangu darasa zima, na simu inazisoma kadi zote. Aliyepata, jina lake linakuwa la kijani ukutani. Aliyekosa, linakuwa jekundu. Mtoto hahitaji kuwa na simu, wala hahitaji kufungua mdomo. Projekta alitupa Mzee Alnoor, mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini, ilikuwa imekaa tu stoo kwake. Kadi nilizichapisha mwenyewe nikazibandika kwenye maboksi ya sabuni.

Nilikuwa na furaha sana. Watoto ambao hawakuwahi kunyoosha mkono tangu darasa la kwanza wakaanza kufika kabla ya kengele. Walimu wa shule jirani wakaja kuangalia. Unanijua napenda sifa, basi nikavimba kichwa. Nikapiga picha nikakutumia hata wewe, ukanijibu kwa dole gumba.

Lilian wako alipata kadi namba thelathini na moja. Unajua alivyo, maneno yake ni ya kuhesabu. Tangu mlipohamia Geita mkatuachia amalizie shule hapa, miaka miwili amekaa nyumbani kwangu na sikujua kwamba kichwani mwake mna vitu vingi namna ile. Alikuwa anakaa nyuma karibu na dirisha, anainyanyua kadi yake kidogo tu, usawa wa bega, na jina lake likawa la kijani kila siku. Hakuwahi kujisifu. Mara moja tu nilimsikia wakimenya ndizi na mama, anamwambia bibi yake kwamba siku hizi darasani anaongea sana, ila anaongea kwa mkono.

Ya siku ya wageni, mwezi wa tatu, uliyasikia. Nakurudishia kwanza kama ulivyoyapata. Alikuja afisa elimu kata pamoja na Mzee Alnoor, ambaye alikuwa anafikiria kutupa vishikwambi kumi. Nikafundisha sayansi mbele yao. Katika maswali matatu ya mwanzo majina sitini na moja yakawa mekundu, likabaki la kijani moja tu, la Lilian. Afisa akamsimamisha, akamuuliza imekuwaje yeye peke yake ajue. Ikaelezwa kwamba mtoto anaishi na mwalimu, na kwamba huenda aliyaona maswali kwenye simu ya mwalimu nyumbani. Afisa akawapa watoto maneno makali juu ya udanganyifu. Kesho yake Mwalimu Mkuu Lesikar akamsimamisha mstarini aombe radhi mbele ya shule nzima, kisha akakupigia wewe.

Jioni ile ukanipigia mimi. Nilikuambia ni utoto tu, kaka, msamehe. Ukataka kuongea naye. Simu yangu ilikuwa haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Ulimwambia kwamba wewe hukuzaa mwizi, na kwamba hutaki kuisikia sauti yake mpaka akuletee matokeo ambayo ni yake mwenyewe. Alisema, “Nimesikia, baba.” Akanirudishia simu, akaenda kumalizia vyombo. Tangu siku hiyo hamjaongea. Ukinipigia unamsalimia mama, unamsalimia hata ng'ombe, jina la Lilian unaliruka.

Baada ya hapo jina lake likawa jekundu. Mwanzoni nilidhani ni aibu, itapita. Baadaye nikadhani ameanza uzembe, na nikamgombeza, Mungu anisamehe. Aprili ikapita, Mei ikaelekea kwisha.

Sasa, simu ile inatunza kumbukumbu ya kila kadi. Jumamosi wiki mbili zilizopita nilikaa kibarazani nikiandaa taarifa za wazazi, nikafungua za Lilian. Tangu siku ya wageni nilikuwa nimeuliza maswali themanini na manne. Alikuwa ameyakosa yote. Nikafungua za Lengai, ambaye darasani analala mpaka anakoroma, yeye alikuwa amepata ishirini na mawili. Herufi ziko nne tu, kaka. Mtoto asiyejua chochote akibahatisha, robo atapata. Ili uyakose yote themanini na manne, ni lazima uyajue yote themanini na manne. Kila siku, mbele ya macho yangu, mtoto wako alikuwa analitafuta jibu, akishalipata anaigeuzia kadi upande mwingine. Mama aliniita mara mbili nikachambue maharage, nami nikarudia kuhesabu toka mwanzo.

Na ujue kwamba Septemba ni mtihani wa taifa. Watakaa chumba cha mtihani wasilibe herufi, yaani wazitie weusi kwa penseli, vilevile A, B, C. Akienda kufanya huko anachofanya kwangu, hakuna atakayemuuliza alikuwa anajua nini. Atahesabiwa ameshindwa na mambo yataishia hapo.

Sasa nisome polepole. Lilian hakuona swali lolote. Mtoto yule hajawahi kuigusa simu yangu bila kuomba, hata kuangalia saa. Aliyedanganya siku ile ni mimi.

Siku tatu kabla ya wageni nililifanyisha darasa zima mazoezi. Sikuwafundisha somo, niliwakaririsha herufi. Swali la kwanza B juu, la pili D juu, la tatu A, mpaka la kumi. Unajua mambo ya shule wageni wakija. Hata sisi tulikuwa tunaambiwa nani anyooshe mkono na nani akae kimya. Nilitaka ukuta wote uwe wa kijani ili vishikwambi vije. Wageni walipokaa nikawapa karatasi ya maswali, na Mzee Alnoor kwa adabu zake akaniomba nianzie swali la sita, kwa sababu lilihusu volkano, na yeye angependa kuona watoto wa Meru wanajua nini juu ya mlima wao. Ningekataaje? Nikalifungua la sita. Watoto, masikini, wakanyanyua B kama nilivyowakaririsha. Jibu lilikuwa C. Mawili yaliyofuata wakanyanyua D, kisha A, nayo wakayakosa vilevile. Lilian peke yake alisoma maswali.

Afisa alipomsimamisha nikamwona anafungua mdomo. Nilijua atasema ukweli, hajui kusema kingine. Nikamuwahi. Mimi ndiye niliyesema kwamba huyu ni mtoto wa kaka yangu, yuko nyumbani kwangu, huenda alichungulia simu. Nilisema huku nacheka kidogo, kama shangazi anayemtania mtoto. Lilian akaniangalia, akafunga mdomo. Mpaka leo ukweli ule hajamwambia mtu. Darasa zima lilijua na lilinyamaza, na siwalaumu, mwalimu wao ndiye aliyekuwa amesimama mbele yao. Kesho yake nilisimama mstarini na walimu wenzangu nikimsikiliza anaomba radhi. Na wewe uliponipigia nikakuomba umsamehe. Kati ya yote hilo ndilo linaloniunguza zaidi. Nilimwombea msamaha mtoto ambaye hakukosa, ili mimi nionekane mwema.

Vishikwambi vililetwa Aprili. Mzee Alnoor alimwambia Mwalimu Lesikar kwamba darasa lililokosa namna ile ndilo linalohitaji msaada kuliko mengine. Kwa hiyo ningesema ukweli vingekuja vilevile. Vipo kabatini, nikivishika naona haya.

Ijumaa iliyopita nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Lesikar nikamweleza yote. Akasema kwamba naye anajilaumu, maana hakumuuliza mtoto hata mara moja. Nikasimama mstarini pale pale aliposimama Lilian, nikaomba radhi shule nzima, nikimtaja yeye kwa jina. Afisa nimemwandikia. Atakachoamua juu yangu nitakipokea.

Tulipoingia darasani nikagawa kadi, nikauliza swali la darasa la kwanza, ng'ombe ana miguu mingapi. Watoto wakacheka sana. Nikapitisha simu. Majina sitini na moja yakawa ya kijani, moja likawa jekundu.

Jioni tukiwa shambani nikamuuliza kwa nini anafanya hivyo. Alichuma kahawa kwanza, kisha akaniambia kwamba akikosa hakuna atakayesema ameiba. Nikamwambia sasa shule nzima inajua kwamba hakuiba. Akaendelea kuchuma. Halafu akaniuliza kama baba anajua. Nilichukua kikapu nikaenda mstari mwingine.

Ndiyo maana nakuandikia. Naomba uje. Usipige simu, maana lile neno ulimwambia kwa simu na ukakata, hakupata nafasi ya kuona uso wako. Omba ruhusa kazini, hata siku tatu. Neno langu nimeshalisema mbele ya watu wote na halikutosha. Lililobaki ni lako, na Septemba si mbali. Nikasirikie mimi, ninastahili. Ukiamua kumchukua mkakae naye Geita sitakuzuia, ingawa mama atalia na mimi nitalia.

Ndani ya bahasha utakuta kadi yake. Nilimwomba jana, akanipa bila kuuliza ni ya nini. Ukifika mrudishie wewe, mkononi. Ukikosa maneno, si lazima useme mengi.

Barua naipeleka stendi kesho asubuhi iondoke na basi, na nimeandika namba yako juu ya bahasha ili wakupigie ikifika. Mama anakusalimu sana, anasema ukija umletee samaki wa huko, wale wakavu, na usimpe mtu mwingine akubebee. Mwalimu Lesikar anakusalimu, anasema na yeye ana la kukuambia. Msalimie sana wifi Catherine, mwambie naomba asinichukie kabla hatujaonana. Wabusu wadogo.

Salamu za Lilian sina. Zamani kila nikikuandikia ujumbe alikuwa anapita nyuma ya kiti changu akisema nimsalimie baba. Tangu mwezi wa tatu anapita tu.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Joyce