Sauti Iliyochelewa

Mpendwa Kiprono,

Huku Njoro tu wazima. Babu yako, yaani kaka yangu, anakusalimu, na ngano imeanza kukomaa.

Umeniuliza kama sindano za homoni zitakufanya mtu mwingine. Mimi nilizianza miaka ya hamsini, nikikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu. Wenzangu wa rika walikuwa na ndevu na wake. Mimi sauti ilikuwa ya mtoto, kwa hivyo nilikula peke yangu. Daktari mmoja wa Nakuru akaniambia, "Mwili wako hautengenezi kitu kinachomfanya kijana abaleghe. Tutakudunga."

Sikumwambia mtu. Mama alikuwa Subukia akimuuguza dada yake. Aliporudi baada ya miezi mingi, nilimwitikia hodi nikiwa ndani.

"Nani huyo nyumbani kwangu?" akauliza kwa hofu.

"Ni mimi, mama."

Akaingia, akanishika kidevu chenye ndevu changa, akalia. "Haya yote uliyapitia peke yako?"

Sindano hazikunipa mtoto, na jioni zangu bado ni za kimya. Lakini siku ile tulikula pamoja, na nilizungumza hadi chai ikapoa.

Mama yako anajua?

Ni mimi babu yako mdogo,
Arap Koech